Ardhi Huficha Mnyama kwa Namna Yake: Jinsi ya Kuchagua Darubini ya Kuwindia

Ukimkabidhi mtu darubini mpya, swali la kwanza linalomtoka ni hili: inaona mbali kiasi gani? Swali linaeleweka, ila kwa mwindaji halisaidii sana. Kwa macho matupu unauona mwezi, ulio wastani wa kilomita 384,000 kutoka duniani, na macho hayo hayo yanaweza kumpita swala aliyelala hatua 40 kutoka njia yako yasimtambue. Kinachokunyima mnyama mara nyingi si umbali. Ni majani, ni kivuli, ni giza la alfajiri, ni hewa inayochezacheza kwa joto, au ni mikono yako mwenyewe inayotetemeka baada ya kupanda mlima.

Kila ardhi ina hila yake ya kuficha, na darubini inayofichua vizuri huku inaweza kuwa mzigo tu kule. Ndiyo maana wawindaji wawili wenye uzoefu sawa wanaweza kubishana usiku kucha juu ya darubini ipi ni bora, na wote wawili wakawa wanasema kweli: mmoja anawinda vichakani, mwenzake anawinda magengeni.

Nambari mbili, na ya tatu isiyoandikwa

Darubini huandikwa nambari mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye umbali wa mita 400 utamwona kana kwamba amesimama mita 50 mbele yako. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na hilo ndilo dirisha la kuingizia mwanga. Wengi huishia kwenye nambari ya kwanza wakidhani kubwa ndiyo bora. Lakini ipo nambari ya tatu, ambayo huikuti kwenye mwili wa darubini, na kwa mwindaji inaamua mengi. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25. Hizo ni milimita za upana wa mwali unaotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni.

Mwali huo unaweza kuuona. Shika darubini kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye anga jeupe (kamwe si kwenye jua), kisha utazame vioo vya nyuma. Utaona vidoa viwili vya mwanga vinavyoelea ndani yake. Vikiwa mviringo kamili na vyeupe mpaka ukingoni, vizuri. Vikiwa vimekatwa pembeni, umbo likakaribia mraba wenye kingo za kijivu, jua kwamba prizimu za ndani, yaani vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga na kuigeuza picha isimame sawa, ni za kioo hafifu au ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na sehemu ya mwanga uliolipia inapotea njiani.

Sasa linganisha kidoa hicho na mboni ya jicho lako. Mchana wa jua kali mboni hubana mpaka milimita 2 au 3. Gizani, mboni ya kijana hufunguka mpaka kama 7. Umri ukisogea inaweza isivuke 5. Kwa hiyo darubini ndogo ya 10x25, yenye mwali wa milimita 2.5, saa sita mchana haikupungukii kitu. Lakini jua likizama, mboni imefunguka kama mlango wa ghala na darubini inamimina kijiko. Upande wa pili, 8x56 hutoa mwali wa milimita 7, na mchana sehemu kubwa ya mwanga huo huishia nje ya mboni. Unakuwa umebeba uzito wa bure tangu asubuhi mpaka jioni.

Ukuzaji nao una gharama zake. Darubini ya 10 hukuza mnyama mara 10, na hukuza mtetemo wa mkono wako mara 10 vilevile. Pia upana wa mwono hupungua. Darubini nyingi za 8x42 huonyesha eneo la upana wa mita 125 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000; za 10x42 huangukia kwenye mita 105 hadi 120. Kwenye uwanda mpana tofauti hiyo hutaihisi sana. Pale mnyama anapokatiza mbele yako mita 40, akaonekana kati ya mti na mti kwa sekunde mbili, utaihisi.

Msituni na vichakani

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu watu hudhani msituni darubini haina kazi. Umbali ni mfupi, mnyama akiwepo si utamwona? Kumbe hapana. Msitu ndio unaohitaji darubini kuliko pengine popote, lakini si kwa ajili ya kuvuta mbali. Unaihitaji ili upenye.

Chukua mfano huu. Umesimama kwenye ukingo wa kichaka, mbele yako ukuta wa majani. Kwa macho matupu ni kijani kitupu. Unainua darubini ya 8x32 na kuzungusha gurudumu la fokasi polepole sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Majani ya mbele yanakuwa safi, kisha yanayeyuka kuwa ukungu wa kijani. Yanatokea matawi ya nyuma yake, nayo yanayeyuka. Halafu kwenye tabaka la tatu unakuta mstari uliolala. Msituni karibu kila kitu husimama wima: mashina, machipukizi, mabua. Mstari uliolala, wa rangi ya udongo, una maana. Unaufuata kushoto, unafika mahali unapoinuka kidogo, na hapo sikio linapiga nzi. Kulungu huyo alikuwa hapo muda wote.

Kazi hiyo hufanywa vizuri na ukuzaji mdogo, 7 au 8. Kina cha eneo linaloonekana safi kwa wakati mmoja hupungua haraka sana ukuzaji ukipanda, kwa hiyo ukiwa na 10 au 12 vichakani utazungusha gurudumu bila kupumzika na bado utampita. Tazama pia umbali wa chini kabisa ambao darubini inaweza kulenga. Ikigoma chini ya mita 5 au 6, kichaka kilicho mbele yako kitabaki ukungu. Na kwa kuwa msituni unatembea kwa kunyata, umeinama, unapita chini ya matawi, wepesi ni mali. Darubini za 8x32 kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 500 hadi 600, wakati za 42 hufika 650 hadi 850.

Swali ni kivuli. Msitu mnene una magharibi yake hata saa nane mchana. Kama unawinda chini ya miti iliyofunga kabisa, au unakaa mpaka dakika za mwisho za mwanga, ongeza lenzi: 7x42 au 8x42. Mimi ningekubali gramu 200 za ziada kuliko kubaki na picha ya kijivu.

Nyikani na kwenye nyasi

Kwenye uwanda wa nyasi wenye miti ya hapa na pale, 10x42 inafanya kazi vizuri na imependwa kwa haki. Unamwona mnyama mbali, una muda, na unachotaka ni kumsoma: ni dume au jike, pembe zimekomaa au bado, ana mtoto ubavuni au hana. Kwa maamuzi hayo ukuzaji unasaidia kweli, na mwindaji anayeheshimu kazi yake hutumia muda mwingi zaidi kwenye darubini akijiridhisha kuliko kwenye bunduki.

Kama unaangalia ukiwa ndani ya gari, zima injini kwanza. Mtikisiko mdogo usiouhisi kitini huvuruga picha yote. Egemeza viwiko dirishani au weka mfuko mdogo wa mchanga chini ya darubini.

Milimani

Mlima huficha kwa mikunjo. Mteremko unaouona mtupu una mabonde madogo, vivuli vya mawe na vichaka vilivyojibana kwenye nyufa, na mbuzi wa milimani anaweza kulala mchana kutwa mahali ambapo upande mmoja tu unamfichua. Hapa miguu si jibu. Mwindaji wa mlimani hukaa, anaufanyia kazi mteremko wa upande wa pili kwa darubini saa nzima au mbili, kisha ndipo anainuka, maana kila kosa atalilipa kwa mita 500 za kupanda na kushuka.

Ukuzaji wa 10 ndio mahali pa kuanzia, na wengine hupanda mpaka 12. Ila kabla ya kununua 12, jiulize utaishikaje. Kuanzia hapo mikono peke yake haitoshi, hasa ukiwa bado unahema. Stendi ya miguu mitatu inabadilisha kila kitu, na nasema hivi bila kutia chumvi: 10 iliyotulia juu ya stendi itakuonyesha wanyama ambao 15 mikononi haitakuonyesha. Jicho hutambua mnyama kwa mwendo mdogo, sikio, mkia, taya inayotafuna, na picha yenyewe ikitikisika, mwendo huo humezwa.

Usipokuwa na stendi, keti chini, egemeza mgongo kwenye jiwe na viwiko juu ya magoti. Ukivaa kofia yenye ukingo, shika ukingo huo pamoja na darubini kwa vidole. Kichwa na darubini vinakuwa kitu kimoja. Fimbo ya kutembelea iliyosimamishwa chini ya darubini nayo hupunguza nusu ya tabu.

Kusini-magharibi mwa Marekani, kwenye milima mikavu ya Arizona, wanaowinda kulungu wadogo wenye rangi ya kijivu waitwao Coues wamezoea darubini za 15x56 zilizofungwa kwenye stendi. Darubini kama hiyo huwa na uzito unaozidi kilo moja, haitembei nawe shingoni. Hukaa kwenye mkoba, ukifika mahali pa kuketi inatoka, na kifuani unabaki na nyingine ndogo. Wenye kuwinda namna hiyo wana darubini mbili kwa sababu wana kazi mbili.

Kwenye miteremko mikali ndiko pia darubini zenye kipimo cha umbali cha leza zinapostahili. Risasi hushuka kulingana na umbali wa mlalo, si umbali wa mstari wa macho. Mnyama aliye mita 400 chini yako kwenye mteremko wa nyuzi 30 yuko kama mita 346 tu kwa kipimo cha mlalo, na anayelenga kwa 400 atapitisha risasi juu yake au, vibaya zaidi, atamjeruhi. Chagua kipimo kinachohesabu pembe. Ujue tu kwamba mtambo wa leza huongeza uzito, na kwenye baadhi ya darubini hupunguza mwanga kidogo au kuipa picha rangi.

Jangwani na kwenye joto

Saa nne asubuhi, ardhi imeshika moto, na ile 15 uliyojivunia inakuonyesha swala anayeelea juu ya maji yasiyokuwepo, miguu yake ikijikunja kama moshi. Hayo ni mazigazi. Hewa ya moto iliyo karibu na ardhi hupindisha mwanga, na kadiri unavyokuza mnyama ndivyo unavyokuza na mchezo huo wa hewa. Hakuna kioo cha kuitibu hali hiyo. Ukuzaji mkubwa jangwani ni wa asubuhi na mapema na saa za mwisho za jioni. Katikati hapo, ya 8 au 10 mara nyingi itakuonyesha zaidi. Ukipata kilima, panda juu yake: ukitazama kutoka juu, macho yako hayapiti kwenye tabaka lile la chini lenye joto kali zaidi.

Vumbi nalo ni adui. Mtu hutoa shati na kusugua lenzi, kumbe anaisugua kwa mchanga. Puliza kwanza, tumia brashi laini, kitambaa kije mwisho.

Magharibi na mbalamwezi

Wanyama wengi hutoka kula wakati mwanga unapokuwa mchache, kwa hiyo kwa mwindaji dakika 20 za mwanzo na mwisho wa siku zina uzito kuliko saa zote za katikati. Sheria za uwindaji za nchi nyingi huweka mwisho wa saa za kupiga risasi. Ujue saa za kwenu kabla ya kununua, kwa sababu kama hairuhusiwi kuwinda baada ya jua kuzama, huna haja ya kubeba darubini ya usiku.

Ujerumani, ambako watu hukaa juu ya jukwaa la mbao wakimvizia nguruwe mwitu kwa mwanga wa mwezi, 8x56 imekuwa chombo cha kazi kwa miaka mingi. Hapo mwali wa milimita 7 unajilipa. Lakini kumbuka habari ya mboni: kama umri umeshakwenda na mboni yako haifunguki zaidi ya 5, 8x42 itakupa karibu mwanga wote ambao jicho lako linaweza kuupokea.

Yasiyosemwa na nambari

Darubini mbili zilizoandikwa 10x42 zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku, na siri iko kwenye kioo na utando. Kila mahali mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo kisichopakwa kitu, karibu asilimia 4 huakisiwa na kupotea. Ndani ya darubini sehemu kama hizo ni 10 au zaidi. Piga hesabu: zikiwa 10, theluthi nzima ya mwanga imepotea kabla haijafika jichoni. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akifanya kazi Zeiss, kampuni ya Ujerumani ya vioo na darubini, alivumbua njia ya kupaka utando mwembamba unaozuia kuakisi huko, na tangu hapo darubini hazikurudi nyuma. Uliza kama lenzi na prizimu zote, pande zote, zimepakwa matabaka mengi ya utando. Muuzaji akisema tu "zimepakwa", inawezekana ni upande wa nje peke yake.

Jihadhari na zile zenye lenzi nyekundu zinazong'aa kama rubi. Rangi ile unayoiona ni mwanga mwekundu unaorudishwa nje, yaani hauingii. Mwindaji anayetafuta mnyama wa rangi ya kahawia nyekundu kwenye majani mabichi ananyimwa rangi ile ile anayoihitaji.

Kuhusu maumbo: ziko zenye mabega mapana, zinazotumia prizimu za mtindo uliosajiliwa na Mwitaliano Ignazio Porro mwaka 1854, na ziko zenye mirija iliyonyooka. Za mabega hutoa picha nzuri kwa gharama ndogo, ila mara nyingi ni nene na si rahisi kuzuia maji kuingia. Za mirija iliyonyooka ni nyembamba na imara zaidi porini, lakini prizimu zake huhitaji utando maalumu wa kurekebisha awamu za mwanga, yaani kuyaweka mawimbi yake yaende sawa, la sivyo picha hupoteza ukali. Kwa fedha kidogo, ningechukua ya mabega iliyotengenezwa vizuri kuliko ya mirija iliyotengenezwa vibaya. Zile za kubadilisha ukuzaji, mfano 8 hadi 24, ziache: mwono wake ni finyu, na ukifika juu picha inakuwa nyeusi.

Kuingia maji si suala la mvua tu. Ukitoka kwenye joto ukaingia kwenye baridi, unyevu uliomo ndani huganda kwenye lenzi ambako kitambaa hakifiki. Darubini iliyozibwa na kujazwa gesi kavu ya naitrojeni au agoni haina unyevu huo. Kwenye nchi zenye joto na unyevunyevu kuna jambo baya zaidi: kuvu. Huota juu ya kioo kama utando wa buibui na hatimaye hukila. Usihifadhi darubini kwenye mkoba wa ngozi uliolowa.

Macho yako mwenyewe

Nimeona watu wakilaumu darubini nzuri ambayo haikuwahi kurekebishwa kwa macho yao. Karibu kila darubini ina pete ya kusawazisha, kwa kawaida upande wa kulia. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, tazama kitu kisichosogea kwa jicho la kushoto na uzungushe gurudumu la kati mpaka kiwe safi. Kisha ziba ya kushoto, tazama kitu kile kile, safari hii ukizungusha pete tu. Kumbuka ilipoishia. Ukivaa miwani, kunja vikombe vya mpira vinavyozunguka vioo vya nyuma na uhakikishe darubini inaruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 nyuma ya kioo, vinginevyo utaona kama unachungulia kwenye tundu.

Na jambo moja ambalo sitalipunguzia makali: darubini ya bunduki si ya kutafutia. Anayechunguza kichaka kwa darubini ya bunduki ameelekeza mtutu kwenye kitu asichokijua, na kitu hicho kinaweza kuwa mtu anayeokota kuni. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kubeba darubini ya mkononi, hata ya bei ndogo, hata msituni, hata siku unayodhani huihitaji.

Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu kwa ardhi mchanganyiko, chukua 8x42 kama nusu ya muda wako unaupitisha kwenye miti, na 10x42 kama umezoea ardhi wazi. Ning'iniza kwa mikanda ya kifuani badala ya ukanda wa shingo. Na usiijaribu chini ya taa za dukani, ambako kila darubini huonekana nzuri. Omba kutoka nayo nje jioni, jua likiwa limekwisha kuzama, uielekeze kwenye kivuli kizito chini ya mti, kisha uone kama unaweza kuhesabu matawi yaliyo nyuma ya kivuli hicho. Chukua nyingine, uhesabu tena.